Kitambaa cha Kidevuni

Taya langu la kushoto hulia. Silii mimi, hulia lenyewe, "ka!", kama kijiti kikavu kinapokanyagwa, kila nipigapo miayo au ning'atapo muhindi wa kuchoma. Mume wangu ameshalizoea. Wanafunzi wangu hapa Kasese, ninaowafundisha Kiswahili, wao hulisubiri kwa hamu. Nikifungua kinywa sana, wanatazamana na kubana vicheko. Nami nawaacha wacheke, maana hawajui kwamba kasauti hako kananirudisha Bwera, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, ambako kwa kipindi fulani cha utoto wangu nilikuwa, kwa hesabu zangu mwenyewe, maiti.

Jamani, msicheke kabla hamjanisikiliza.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Mama alitoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akawa anauza vitenge na maharage pale Bwera. Baba alikuwa askari wa jeshi, mtu wa Arua, kaskazini kabisa, na wala hakusikia hata neno moja la lugha ya akina Mama. Basi walipendana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake: cha Mama cha Kikongo, cha Baba cha kambini. Sikuwahi kumsikia Baba akisema "njoo, mwanangu." Alisema, "Kuja hapa!" Akitaka kujua kama nimeshiba, alisema, "Ripoti!" nami nikaripoti: nimekula muhogo, nimekula sombe ya majani yake, nimekula samaki wa Kasenyi na mwiba umenichoma kidogo. Watoto wa majirani walimwogopa. Hata mimi, tusidanganyane, nilimwogopa.

Tulikuwa pia na Tante Kavugho, mdogo wake Mama, aliyevuka mpaka siku milio ya risasi ilipozidi kwao, akaja na baba yao. Huyo ndiye Babu. Alikuwa fundi seremala, mtu mpole, aliyezeeka akikimbia watu waliovaa magwanda, na alikuwa amechoka kuuliza gwanda lipi ni la nani. Mara ya kwanza Baba alipoingia na gwanda lake, Babu alimwaga uji wote mapajani. Tangu siku hiyo Baba akawa anavulia gwanda nje, kwenye kamba ya nguo, na kuingia ndani na fulana na kaptura, hata mvua ikinyesha. Wanawake wa pale walipata cha kuchekea kwa muda wote ambao Babu alikuwa hai.

Babu alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, walimlaza sebuleni. Watoto tulikatazwa kuingia, kwa hiyo tuliingia. Nikamwona amelala chali, na kitambaa cheupe kimepita chini ya kidevu chake, kikapanda kwenye mashavu, kikafungwa fundo utosini. Ncha mbili za kitambaa zilisimama kama masikio ya sungura. Nikamuuliza Tante kwa nini Babu amefungwa hivyo. Tante alikuwa amechoka, amelia, na watoto tulikuwa tumejazana mlangoni, basi akasema la kutufukuza.

"Tunamufunga kinywa asiite mutu. Mufu akiita jina yako, unamufuata. Haya, tokeni!"

Tulitoka mbio, hata viatu vingine vilibaki pale pale. Lakini mimi nilirudi kuchungulia, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Kabla ya sanduku kufungwa nilimwona Tante akikifungua kile kitambaa polepole, na mdomo wa Babu ukabaki umefumba wenyewe. Nikaliweka hilo akilini: kwanza wanafunga kitambaa, kisha wanakitoa, kisha sanduku.

Nilikuwa darasa la kwanza nilipoanguka. Nilikuwa nimembeba mgongoni mdogo wangu Baraka, aliyekuwa anatambaa bado, na fundo la kitenge lilikuwa linalegea kifuani. Nikalishika kwa mikono miwili lisifunguke. Ngazi za saruji za barazani zilikuwa na maji ya sabuni. Mguu ukateleza, mikono haikuthubutu kuliachia lile fundo, na kidevu ndicho kikapokea saruji. Baraka hakuumia hata kidogo. Alicheka, akidhani ni mchezo, akanipiga kisogoni ili nirudie.

Hapo ndipo ulipoanza mkanganyiko wangu. Kidevu ndicho kilichogonga, kidevu ndicho kilichotoka damu, lakini maumivu makali yalikuwa hapa mbele ya masikio, hasa la kushoto. Nilimwonyesha Mama sikio, yeye akawa anabana kidevu kwa kanga. Nikamwonyesha tena sikio. "Wacha sikio, mutoto yangu, damu iko huku!" akasema, naye akikimbia nami kwenda kliniki ndogo karibu na barabara.

Muuguzi alishona kidevu, akakisafisha kwa spiriti iliyonitoa machozi, kisha akachukua bendeji, akaipitisha chini ya kidevu, akaipandisha mashavuni, akaifunga utosini. "Asiongee, asicheke, asitafune mpaka kidonda kikauke," akamwambia Mama. Hakuna aliyewaza kuhusu sikio.

Nyumbani tulikuwa na kipande cha kioo kimechomekwa ukutani, ambacho Baba alikitumia kunyoa ndevu. Nikajitazama. Niliona kitambaa cheupe chini ya kidevu, fundo utosini, na masikio mawili ya sungura.

Nikakaa chini.

Hebu jiwekeni mahali pangu. Nilikuwa nimeshamwona mtu mmoja tu duniani aliyefungwa hivyo, naye tulimzika. Nikatafuta dalili nyingine, na dalili zilijaa tele. Wamama wa jumuiya ya kanisani walikuja na rozari, na ndizi, na maharage, kama walivyokuja kwa Babu. Walisema na Mama kwa sauti za chini. Hakuna aliyesema nami, na nani husema na maiti? Mmoja wao alitikisa kichwa akanitazama kwa huruma, akasema, "Alikuwa anaimba vizuri kanisani, huyu." Alikuwa! Nikamtazama Mama akifuta machozi kwa ncha ya kitenge, nikamhurumia sana, masikini, amefiwa na mtoto wake wa kwanza. Kilichonishangaza tu ni kwamba marehemu bado anataka kwenda chooni. Lakini sikuwahi kufa kabla ya hapo, ningejuaje taratibu zake?

Kwa hiyo nilinyamaza. Si kwa sababu ya muuguzi. Nilinyamaza kwa sababu ya Baraka. Alikuwa ametambaa mpaka kwenye mkeka wangu, akashika ncha ya bendeji, akanicheka na meno yake mawili ya chini. Nilitaka kumwita, jina lilikuwa hapa hapa ulimini. Kisha nikakumbuka: mufu akiita jina yako, unamufuata. Nikabana meno. Nilimpenda yule mtoto kupita kiasi, nami nilikuwa nimemwokoa kwenye saruji. Singemuua kwa mdomo wangu.

Hata hivyo mtoto ni mtoto, nikataka kuhakikisha. Mama mwenye nyumba alikuwa na jogoo mkorofi aliyekuwa anatudonoa miguu, tukamwita Meja. Hakuna mtu ambaye angemlilia Meja. Alasiri moja alipita mlangoni, nami nikaita kwa sauti ndogo, kupitia katikati ya meno: "Meja." Akasimama, akanitazama kwa jicho moja, akaenda zake. Nikaanza kupata matumaini.

Kesho yake mama mwenye nyumba aliingia na bakuli linalotoa moshi. "Mpeni mgonjwa mchuzi, apate nguvu," akasema. "Nimemchinja yule Meja." Nyie! Nililitazama lile bakuli, na ukucha wa Meja ukielea humo, nikajua mambo yamekwisha. Tangu siku hiyo sikutoa hata mguno. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza jogoo mzima.

Kidonda kilikauka, lakini meno yangu hayakukutana tena. Nikijaribu kunywa uji, kidevu kilikwenda upande wa kushoto, na mate yalinitoka. Mama alipoliona hilo alinipeleka hospitali ya Kasese, kwa daktari wa meno, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Tulikaa benchi siku nzima, wakanipiga picha za kichwa, kisha daktari akaniketisha kwenye kiti kirefu kinacholala. Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua bendeji.

Kwanza wanafunga, kisha wanafungua, kisha je? Nikageuza macho kutafuta sanduku. Kwenye kona palikuwa na kabati la dawa, refu kama mimi.

"Kidevu ndicho kilichopigwa," daktari akamwambia Mama, akionyesha kivuli kwenye picha, "lakini kilichovunjika ni shingo ya taya, hapa juu, mbele ya sikio. Watoto wengi wakiangukia kidevu, ni hapo panapovunjika."

Kumbe sikio langu lilikuwa limesema kweli! Ningependa kumwonyesha Mama uso wa "nilikwambia," lakini maiti haina uso huo.

"Mutamupasua?" Mama akauliza.

"Hapana. Kwa mtoto mfupa huu unajiunga wenyewe, hata unajiumba upya. Ila lazima utembee. Hamtamfunga tena. Huu si mkono, mama. Hii ni bawaba ya mlango. Mkiuacha mlango umefungwa, bawaba itashika kutu. Taya litashikana na fuvu, mdomo hautafunguka tena, na kidevu hakitakua. Kwa hiyo asubuhi na jioni asukutue na maji ya vuguvugu yenye chumvi, asimame mbele ya kioo, afungue mdomo polepole, kidevu kiende chini moja kwa moja, kisikimbilie pembeni. Ale vitu laini, lakini atafune. Aimbe. Na aite watu kwa sauti, majina yenye 'a' nyingi ndiyo mazuri, yanafungua kinywa chote. Nyumbani kuna nani?"

"Baraka," akasema Mama.

"Huyo ni dawa kabisa!" Daktari akainama, akanitabasamia. "Haya, Masika. Ita: Baraka!"

Nikafumba mdomo hadi midomo ikawa myeupe. Wote wawili wakadhani ni maumivu.

Nyumbani Tante alipoambiwa, alipiga makofi. "Mukono ikivunjika, tunafunga. Muguu ikivunjika, tunafunga. Kinywa ikivunjika, eti aimbe? Dokta ile iko na akili?" Muuguzi alisema asiongee, daktari anasema aongee, muuguzi alifunga, daktari akafungua, nani asikilizwe? Basi ikawa hivi: asubuhi Mama aliniweka mbele ya kioo kama daktari alivyosema, nami nikakataa. Mama akienda sokoni, Tante akaleta kipande cha shuka, akanifunga tena kwa mapenzi yake yote, mfupa usije ukaanguka. Asubuhi nilikuwa hai kidogo, mchana maiti, jioni sijui nini. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na bado sijakutana na mtu aliyechanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi wiki zile.

Baba aliporudi kutoka kambini, Mama alimweleza yote pale pale kwenye kamba ya nguo, maana mazoea ya kuvulia gwanda nje yalikuwa yamemkaa hata baada ya Babu kuondoka. Akaingia, akasimama mbele yangu wima.

"Masika! Fungua mdomo!"

Nikazidi kuufumba.

"Fungua! Mara moja! Ita mtoto! Ita Baraka!"

Machozi yakanitoka lakini mdomo, ng'o. Baba akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake: "Tafadhali." Hapo ndipo nilipoamini kabisa kwamba nimekufa. Kama si hivyo, kwa nini Baba anibembeleze?

Tuliporudi Kasese daktari alijaribu kuingiza kidole katikati ya meno yangu ya mbele, akashindwa kuingiza zaidi ya ncha ya kidole chake cha mwisho. Hakutabasamu safari hii. "Mama, mnamfunga huyu?" akauliza. Mama akaangalia chini. "Bawaba imeanza kushika. Nawapa nafasi kidogo tena, lakini asipoanza kuufungua, nitamwandikia aende Kampala. Huko watakata mfupa, na hata wakikata, uso wake unaweza kukua upande." Njiani Mama alinishika kidevu kwa kiganja muda wote, akanipapasa kwa kidole gumba.

Nilimsikia daktari, nilimwelewa pia. Nilielewa kwamba nisipoita, mdomo wangu utafungika milele na Mama atalia milele. Nikiita, Baraka atakufa. Nililibeba hilo peke yangu, na lilikuwa zito kuliko Baraka mwenyewe mgongoni.

Ndipo siku moja nikiwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, karibu na kigogo ambacho Babu alikitumia kuchongea miti, wazo likanijia. Nani naweza kumwita asife? Ni yule aliyekwisha kufa!

Nikatazama huku na huku. Nikafungua mdomo. "Babu." Ulifunguka ufa tu, na hapa mbele ya sikio pakawaka moto. Nikarudia. "Babu!" Sikio likalia "ka!" na machozi yakanitoka, lakini, ee Mungu wangu, utamu wa kusikia sauti yangu! Siku iliyofuata nilirudi, na iliyofuata. Nilimweleza Babu habari za Meja, nikamuuliza kama wamekutana.

Tante alikuwa anaanika nguo aliponisikia. Beseni likaanguka. "Yezu na Maria! Mutoto anaita mufu!"

Nyumba ikapinduka. Mtoto ambaye hajasema neno wiki zote hizi, neno lake la kwanza ni kumwita marehemu! Mama akataka misa isomwe siku hiyo hiyo. Mama mwenye nyumba akasema kuna mzee mmoja huko mlimani anayejua mambo hayo. Wote walikuwa wanasema kwa pamoja, ila Tante. Tante alikuwa ameketi chini kwenye tope, ameshika kile kipande cha shuka, ananitazama mimi, anakitazama kitambaa, ananitazama mimi. Kisha akanong'ona, "Asiite mutu," maneno yake ya siku ya Babu, akajifunika uso nacho. Hakunifunga tena tangu saa hiyo.

Jioni Baba alikuja, naye Tante akamvuta pembeni kwenye kamba ya nguo. Waliongea muda mrefu, Tante akilia. Nikadhani wanapanga siku ya mazishi.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda kwenye migomba kama kawaida. Nikavuta pumzi, nikaita: "Babu!"

"Nasikia! Nani anaita?"

Nilianguka makalio. Sauti ilikuwa nzito, yenye mwangwi, kama inatoka ndani ya ndoo, huko ndani kwenye majani makavu.

"Masika," nikasema.

"Masika nani? Sema kwa nguvu, mimi iko mbali!"

"Masika mjukuu wako!"

"Haisikiki! Fungua mdomo yote!"

"MASIKA MJUKUU WAKO!" Ka! ka! likalia taya, nami sikujali.

"Sasa nasikia. Iko wapi wewe?"

Swali hilo lilinichanganya. "Si niko na wewe huko, Babu? Si nimekufa?"

Kukawa kimya. Migomba ilitikisika kidogo, ingawa hapakuwa na upepo. Sauti iliporudi haikuwa na nguvu kama mwanzo. "Hapana. Hapana, mtoto yangu. Mimi nimeita gwaride asubuhi, watu yote ya huku imesimama mstari, wewe hauko. Wewe uko hai. Hiyo ni amri."

"Na nikimwita Baraka?"

"Ita Baraka. Ita mama yako. Ita watu yote. Hakuna mtu atakufa kwa kuitwa na wewe."

"Na Meja?"

"Meja gani?"

"Jogoo."

"Huyo alikufa na kisu. Si wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Sema: ndiyo, afande!"

"NDIYO, AFANDE!"

Nilisimama pale nimepigwa na butwaa. Babu wangu, aliyemwaga uji kwa kuona gwanda, leo anataka aitwe afande? Nikalifikiria sana. Mwishowe nikakata shauri kwamba huko walikompokea wamemwandikisha jeshini, na nikamwonea huruma, mzee wa watu, hata huko hawakumwacha apumzike.

Kisha nikakimbia ndani, nikasimama mbele ya mdogo wangu, nikafungua kinywa chote. "BARAKA!" Akageuka. Nikakaa nikimtazama, nikimsubiri afe. Alinitazama, akanitazama, akajikojolea. Nikajua huyu ni mzima. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, nikamwita naye, na Tante, na mama mwenye nyumba, na kila mtu aliyekuwa anapita barabarani ambaye jina lake nilikuwa nalijua. Mama alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Jioni ile Mama aligombana na Baba kwa sababu ya gwanda. Lilikuwa na madoa meusi magotini na kwenye viwiko, madoa ya utomvu wa mgomba, ambao kila mtu anajua hautoki. "Ulilala kwenye migomba na gwanda ya kazi, wewe?" Mama akauliza. Baba akasema ameanguka. Nilishangaa tu kidogo, maana Baba hakuwa mtu wa kuanguka, na ndoo yetu ya maji pia haikuonekana mpaka kesho yake. Nikayaacha hayo, nilikuwa na mengi ya kusema.

Sitawadanganya kwamba taya lilipona siku moja. Lilichukua muda mrefu, na maji mengi ya chumvi ya Katwe, na nyimbo, na miwa iliyomenywa na kukatwa vipande vidogo, na kioo cha Baba asubuhi na jioni. Lakini ilifika siku daktari alipopanga vidole vyake vitatu kwa wima katikati ya meno yangu, vikaingia vyote, naye akapiga kelele mpaka watu wa benchi wakachungulia. Kidevu changu kilikua, tena kimenyooka. Kilichobaki ni hii "ka!" tu.

Nilivyoendelea kukua, habari ya migombani niliiweka pamoja na mambo mengine ya utotoni ambayo mtu hana hakika nayo, nusu ndoto. Sikumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, nawaambia wanafunzi wangu kila siku, lakini mwalimu wao hakuuliza.

Baba alistaafu, akajenga hapa Kasese. Mwanangu wa kwanza alipoanza kusema nilimpeleka kwa wazee wangu siku moja ya Jumapili. Nilikuwa naandaa sahani barazani, naye mtoto akasimama uani, akajivuta, akaita kwa nguvu zake zote: "Babu!"

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, sauti ikajibu: "Nasikia! Nani anaita?"

"Mimi!"

"Mimi nani? Sema kwa nguvu, mimi iko mbali!"

Taya langu likaanguka lenyewe. Ka! Nilisimama pale na sahani mkononi, nikaona yote: ndoo, majani makavu yaliyotikisika, madoa magotini. Mtu aliyezoea kuvua gwanda kwa ajili ya Babu alikuwa amelala nalo kifudifudi kwenye tope, kichwa ndani ya ndoo, ameazima nafasi ya mzee aliyemwogopa, kwa kuwa amri yake mwenyewe ilikuwa imeshindikana kwangu. Na kile kimya cha migombani, nilipomuuliza kama sijafa, ndipo nilipojua kilikuwa kimya cha mtu anayemeza kilio.

Wakati wa chakula nilimuuliza. "Baba, siku ile kule Bwera, kwenye migomba..."

"Siku gani?" akasema, akitafuna. "Mimi nilikuwa lindo."

"Na utomvu je?" akauliza Mama, bila kuinua macho kwenye sahani yake.

"Kula," akasema Baba. "Halafu ripoti."

Amezeeka sasa, naye kifua kimeanza kumsumbua kama kilivyomsumbua Babu. Najua taratibu zetu, najua siku yake ikifika watamfunga kile kitambaa kidevuni, na sitawazuia. Nitawaomba tu wakilegeze kidogo, nikimwita apate kuitika.